Kompyuta Shule ya Msingi: Kifaa, Somo au Mwalimu?

Kila msimu wa kuandikisha watoto unapokaribia, mabango ya shule binafsi hutangaza maabara ya kompyuta, roboti na masomo ya kuandika programu kuanzia chekechea. Mzazi mwenye mtoto shule ya serikali anayapita mabango hayo akijiuliza kama mwanawe anaachwa nyuma. Mwalimu mwenye watoto themanini kwenye chumba kimoja anauliza kompyuta za nini wakati madawati hayatoshi. Mwanasiasa akiulizwa, anataja idadi ya vifaa vilivyogawiwa. Hakuna hata mmoja anayesema uongo, ila kila mmoja anazungumzia jambo lake. Mjadala huu hautafika popote mpaka mambo hayo yatenganishwe, kwa sababu kila moja lina gharama yake, faida yake na mwalimu wake.

Mambo matatu yanayochanganywa

La kwanza ni kutumia kompyuta kufundishia masomo mengine. Mtoto anajifunza silabi au kujumlisha kwenye kishikwambi, na kipimo cha mafanikio ni kama anasoma na kuhesabu vizuri zaidi.

La pili ni ujuzi wa kidijitali: kuwasha na kuzima, kuandika, kuhifadhi kazi, kutafuta habari, kushuku habari isiyo na chanzo, kulinda nywila, kujua kwamba picha ikishatumwa hairudi. Kipimo hapa ni mwenendo wa mtoto mbele ya kifaa, shuleni na nyumbani.

La tatu ni sayansi ya kompyuta yenyewe. Mtoto anajifunza kuvunja tatizo vipande, kupanga hatua kwa mfuatano, kuweka sharti, kurudia hatua, kutafuta kosa na kulirekebisha. Kuandika programu ni tunda la mwisho la somo hili.

Uingereza ilishapita kwenye mkanganyiko huohuo. Mwezi Januari 2012, akademia ya sayansi ya nchi hiyo, Royal Society, ilitoa ripoti iliyolalamika kwamba somo la kompyuta lilikuwa limeshuka hadi kuwafundisha watoto kutumia programu za ofisini, ikapendekeza sayansi ya kompyuta, teknolojia ya habari na ujuzi wa kidijitali vitenganishwe. Septemba 2014 mtaala mpya ukaanza, na watoto wa miaka mitano wakaanza kujifunza maana ya mfuatano wa maagizo na namna ya kusahihisha programu fupi. Walimu wengi wa msingi, hata hivyo, hawakuwa wamefundishwa somo hilo. Mwaka 2017 akademia hiyohiyo iliona kwamba ufundishaji bado ni dhaifu na haulingani kati ya shule na shule. Mwaka 2018 ndipo kituo cha taifa cha kuwaandaa walimu kilipoanzishwa, ndani ya mpango wa serikali wa pauni milioni 84. Nchi tajiri iliandika muhtasari wa somo kwanza, ikatafuta walimu miaka minne baadaye.

Kenya: kifaa kilipotangulia

Jaribio kubwa kuliko yote katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki lilifanyika Kenya, na linastahili kuchunguzwa kwa utulivu, mbali na kelele za kampeni.

Kwenye uchaguzi wa 2013 wapiga kura waliahidiwa kwamba kila mtoto wa darasa la kwanza atapata kompyuta yake ndogo. Zabuni ya awali ilikwama katika mabishano ya ununuzi. Mwaka 2016 mpango ukarudi kwa sura nyingine chini ya Mamlaka ya TEHAMA: vishikwambi badala ya kompyuta ndogo, majaribio katika shule 150, kisha nchi nzima. Kazi ya kuvitengeneza ilipewa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kila kimoja kikiwa na washirika wa nje. Vifaa zaidi ya milioni 1.1 vilifika katika shule za msingi za umma zaidi ya 21,000. Pamoja na vishikwambi vya wanafunzi, shule ilipata kompyuta mbili za walimu, projekta, ruta na seva ya kuhifadhi masomo, ili kazi iendelee hata pasipo intaneti. Wanafunzi wasioona walitengewa vifaa vya breli.

Faida moja ya mpango huo husahaulika haraka. Kishikwambi hakichajiwi kwa ahadi, kwa hiyo shule zililazimika kupata umeme, wa gridi au wa jua. Ahadi ya kisiasa ilizisukuma nguzo na paneli hadi vijiji ambavyo vingesubiri miaka mingine mingi. Taa ya darasani inabaki hata kishikwambi kikifa.

Hata hivyo vifaa vingi viliishia kabatini, na vingine viliibwa. Kuwalaumu walimu ni kukwepa sababu zilizojengwa ndani ya mpango wenyewe. Mwalimu mkuu alisaini kupokea mali ya serikali ambayo ikipotea ataulizwa yeye, na mtu wa namna hiyo ana kila sababu ya kufunga kufuli. Kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30. Toa vishikwambi, gawa, tafuta vilivyoisha chaji, wasaidie watoto wafungue ukurasa uleule, kisha kusanya na uhesabu kimoja kimoja: muda wa kufundisha umeliwa. Masomo yaliyopakiwa mwanzoni yaliandaliwa kwa ajili ya mfumo wa zamani wa elimu, 8-4-4, na mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika nchi nzima mwaka 2019 maudhui yalihitaji kuandaliwa upya. Betri huchoka, kioo huvunjika mikononi mwa mtoto wa miaka sita, na fundi yuko mjini.

Mwezi Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, udhaifu mwingine ukajitokeza. Vishikwambi vilikuwa mali ya shule. Watoto walikuwa nyumbani, na masomo yaliyowafikia wengi wao yalipitia redio na televisheni.

Rwanda ilitangulia katika njia hii. Ilianza kugawa kompyuta ndogo kwa watoto wa shule za msingi mwaka 2008, kisha mkazo ukahamia kwenye vyumba maalumu vyenye kompyuta za kutumiwa na wanafunzi wote kwa zamu. Mabadiliko hayo ni fundisho. Kifaa cha mtu mmoja mmoja ni ghali kukinunua, na ni ghali zaidi kukitunza.

Tanga na Peru: vifaa vya aina moja, matokeo mbalimbali

Wanaotetea vifaa hutaja jaribio la Tanga, na wanaovipinga hutaja la Peru. Yote mawili ni ya kweli, na ukiyaweka pamoja unaona kitu ambacho moja peke yake halionyeshi.

Kuanzia mwishoni mwa 2017, kwa miezi 15, vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga vilikuwa uwanja wa shindano la kimataifa, Global Learning XPRIZE. Watoto karibu 2,700 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu, na vituo vya kuchajia kwa jua viliwekwa vijijini. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilishughulikia ugawaji, UNESCO ikapima, kwa ushirikiano na serikali ya Tanzania. Kabla ya kuanza, asilimia 74 ya watoto hao walielezwa kuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi ya wasioweza kusoma ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, zilishinda kwa pamoja na kugawana dola milioni 10, na programu zao zikaachwa wazi kwa yeyote kuzitumia.

Peru iligawa kompyuta ndogo katika shule za vijijini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliohusisha shule 319, haukuona tofauti katika hisabati wala lugha kati ya watoto waliopata na waliokosa, ingawa waliopata walifanya vizuri kidogo katika vipimo vya kufikiri kwa jumla.

Tofauti kubwa ni kwamba programu za Tanga zilitungwa kwa kazi moja, kwa lugha ambayo shule za Tanga hufundishia, zikamfuata mtoto hatua kwa hatua. Za Peru zilikuwa zana za jumla zisizofungamana na somo lililokuwa ubaoni. Lakini tusitie chumvi mafanikio ya Tanga. Nusu ya wasioweza kusoma walibaki hivyo. Tena jaribio lile lilihusu jambo la kwanza katika yale matatu, yaani kompyuta kama zana ya kufundishia kusoma. Anayelitumia kudai kwamba watoto wa darasa la pili waandike programu anachukua ushahidi wa kesi moja na kuupeleka kwenye nyingine.

Hoja ya kuanza mapema

Wenye msimamo huu wana hoja nzito. Watoto wa shule za ada kubwa tayari wanafundishwa, na kila mwaka wa kusubiri unalipanua pengo. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha maudhui ya kufundishia uandishi wa programu katika shule za msingi na sekondari. Kielimu pia hoja ina mizizi mirefu. Lugha ya programu ya LOGO ilibuniwa mwaka 1967, na Seymour Papert, mmoja wa wabunifu wake, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba mtoto anayempa kobe wa kwenye skrini maagizo ya kuchora mraba anajifunza jometri kwa mikono yake. Leo ipo Scratch, ya bure, yenye vipande vya rangi ambavyo mtoto anaviunganisha, na ina Kiswahili. ScratchJr imetengenezwa kwa ajili ya watoto kuanzia miaka mitano.

Udhaifu uko kwenye ahadi ya ajira, ambayo ndiyo inayouza matangazo. Mtoto anayeanza darasa la kwanza leo ataingia kazini baada ya miaka 15 au zaidi. Programu anayofundishwa kubofya leo huenda isiwepo. Kitakachobaki ni uwezo wa kupanga hatua na kutafuta kosa, na uwezo huo haumlazimu kuwa na kifaa chake akiwa na miaka sita. Mzazi anayelipa ada ya ziada kwa ajili ya roboti ana haki ya kuuliza mtoto anabaki na nini roboti ikirudishwa kwenye sanduku.

Hoja ya KKK kwanza

Upande wa pili unasema KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, zije kwanza. Tafiti za Uwezo, zinazopima kusoma na kuhesabu kwa watoto wa Tanzania, Kenya na Uganda, zimerudia kuonyesha kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Tanzania iliubadilisha mtaala wa madarasa mawili ya kwanza kuanzia 2015 ili mkazo uwe kwenye KKK. Ratiba ya shule haina nafasi tupu: kipindi kinachoongezwa kimetolewa mahali. Ripoti ya UNESCO ya ufuatiliaji wa elimu duniani ya 2023 nayo ilionya kwamba teknolojia huingizwa madarasani kwa kasi kubwa kuliko ya ushahidi wa faida yake.

Naukubali msimamo huu kwa madarasa ya chini karibu wote. Unaposhindwa ni pale unapodhani kwamba shule ikikaa kimya, mtoto anabaki nje ya dunia ya kidijitali. Huduma ya pesa kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo simu imekuwa benki ya nyumba. Bibi asiyeona vizuri humpa mjukuu simu amsomee ujumbe. Ujumbe wenyewe huenda ni ule wa matapeli unaojulikana nchi nzima: ile pesa tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Mtoto wa darasa la nne ndiye anayeusoma, na mara nyingine ndiye anayebonyeza. Katika nyumba hiyo yeye ni karani wa fedha, na hakuna aliyemfundisha kazi.

Kuuchambua ujumbe kama huo darasani ni somo la kusoma kwa ufahamu. Nani ameandika? Anamtaja mtu kwa jina au anasema "ile" tu? Namba imo kwenye simu yetu? Kwa nini ana haraka? Watoto wanasoma, wanajadili, wanaandika jibu. KKK haijapoteza dakika, na ujuzi wa kidijitali umeingia bila kifaa hata kimoja. Ubishi kati ya kusoma na kompyuta, hapa, unakosa cha kubishania.

Tanzania: kuingiza ndani ya masomo mengine

Tanzania ilichagua njia ya kati. Mtaala uliotangulia huu wa sasa uliweka mada za TEHAMA ndani ya somo la Sayansi na Teknolojia, kwa hiyo hapakuhitajika mwalimu mpya wala kipindi kipya. Nguvu ya njia hii ni unafuu wake. Udhaifu wake unaonekana darasani: pasipo kifaa wala mafunzo, mada inageuka kukariri. Mtoto anachora monita, kibodi na kipanya kwenye daftari, anaandika majina pembeni, anapata alama, na hajawahi kugusa hata kimoja. Mtihani wa karatasi unalitosheleza zoezi hilo, hivyo hakuna anayesukumwa kwenda mbele zaidi.

Hatua nyingine ilikuja baada ya sensa ya Agosti 2022, serikali ilipogawa vishikwambi zaidi ya laki mbili kwa walimu, vikiwemo vilivyotumiwa na makarani wa sensa. Kwa nia au kwa bahati, huo ulikuwa mpangilio wa kinyume na wa Kenya: mwalimu kwanza. Naona ndio mpangilio sahihi. Mwalimu anayeandaa somo kwenye kishikwambi na kusoma vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania kwenye maktaba mtandao anajenga ujasiri ambao semina ya siku mbili haiwezi kuujenga. Kasoro ni kwamba kugawa kifaa hakujamwandaa mwalimu kulifundisha somo hili, na bando lisipokuwa kwenye bajeti ya shule linatoka mfukoni mwake.

Somo la kompyuta bila kompyuta

Njia inayozungumzwa kidogo kuliko zote ndiyo ninayoiona ina uzito zaidi kwa shule zetu. Katika miaka ya 1990, wanasayansi wa kompyuta Tim Bell, Ian Witten na Mike Fellows walianza kukusanya mazoezi ya sayansi ya kompyuta yasiyohitaji mashine, na Chuo Kikuu cha Canterbury cha New Zealand kimeyaendeleza.

Zoezi maarufu linahitaji kadi tano za boksi na kalamu nene. Watoto watano wanasimama mbele ya darasa, kila mmoja na kadi yenye nukta: 16, 8, 4, 2 na 1. Mwalimu anasema: tupeni 13. Wenye 8, 4 na 1 wanaonyesha nukta, wenye 16 na 2 wanageuza kadi nyuma. Darasa linaandika ubaoni: 0 1 1 0 1. Tupeni 21. Tupeni 6. Baada ya muda mtoto mmoja anagundua kwamba kila namba ina njia moja tu ya kuipata. Mwingine anauliza namba kubwa kuliko zote ni ipi, wanajumlisha, wanapata 31. Wa tatu anataka kadi ya sita, na bila kuambiwa anajua itakuwa na nukta 32. Hapo watoto wameshaelewa jinsi mashine inavyohifadhi namba kwa hali mbili tu, na wamefanya hesabu nyingi kuliko ambazo wangefanya kwenye zoezi la daftari.

Pwani na visiwani tuna zana yetu, mchezo wa bao. Kwenye hatua ya mtaji, mchezaji anachukua kete za shimo moja na kuzigawa moja moja. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, na hakuna cha kula, anazichukua na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, amelala, zamu inahama. Mtoto anayeweza kuieleza sheria hiyo kwa maandishi, mwenzake aifuate bila kuuliza swali, ameandika sharti na marudio. Mwenzake akikwama, kuna kosa kwenye maelezo, na watalitafuta pamoja mstari kwa mstari. Kazi hiyo ya kutafuta kosa ndiyo kiini cha kazi ya kila mwandishi wa programu.

Njia hii ina mipaka. Haimfundishi mtoto kuandika kwa kibodi wala kuhifadhi faili. Mzazi aliyeahidiwa kompyuta anaweza kuona kadi za boksi kama udanganyifu. Pia inadai mwalimu anayeelewa mchezo unaelekea wapi, la sivyo unabaki mchezo tu. Kwa hiyo hata njia ya bei ya chini kabisa inaturudisha kwenye mafunzo ya walimu.

Data za watoto

Jambo moja halijapata nafasi inayostahili. Programu ya elimu ya bure mara nyingi hulipiwa kwa taarifa za mtoto. Mwaka 2022 Human Rights Watch ilichunguza zana zaidi ya 160 zilizopendekezwa na serikali za nchi 49 wakati wa korona, ikakuta asilimia 89 zilikusanya data kwa namna iliyohatarisha au kuvunja haki za watoto. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Shule inayowasajili wanafunzi kwenye programu yoyote inapaswa kujua majina na picha zao zinahifadhiwa wapi, na nani anaziona.

Tukizipima hoja

Kwa madarasa mawili ya kwanza, uzito uko upande wa KKK. Kishikwambi kikitumika hapo, kitumike kama kule Tanga, kwa programu ya Kiswahili yenye kazi moja. Darasa la tatu na la nne ni wakati wa kadi, bao na kuchambua ujumbe, ndani ya vipindi vya hisabati na lugha vilivyopo. Kuanzia darasa la tano mtoto aguse mashine, aandike, ahifadhi, aunde programu fupi kwenye Scratch, hata kama ni watoto watatu kwa kompyuta moja. Fedha zifuate mpangilio huo: vyuo vya ualimu na mafunzo kazini kwanza, matengenezo na bando katika bajeti ya kila mwaka, ununuzi wa vifaa vya wanafunzi mwishoni.

Mpangilio huu una gharama. Mtoto wa kijijini atagusa kibodi miaka kadhaa baada ya mwenzake wa shule ya ada kubwa, na ucheleweshaji huo ni dhuluma hata kama una sababu nzuri. Njia ya kuufupisha ni kutumia kwa pamoja kilichopo. Shule ya sekondari ya kata yenye maabara inaweza kupokea darasa la tano na la sita la shule jirani siku za Jumamosi, chini ya mwalimu wake wa kompyuta, na ufunguo wa maabara ukawa na msimamizi anayejulikana, kwa utaratibu wa maandishi unaomlinda mwalimu mkuu kifaa kikiharibika katika matumizi halali.

Utaratibu huo wafaa uanze kabla ya 2028. Elimu ya msingi Tanzania inapunguzwa kuwa miaka sita, na mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya na la saba la mtaala wa zamani yatamaliza pamoja. Januari inayofuata kidato cha kwanza kitapokea mikupuo miwili kwa mpigo, na maabara ambazo leo zina nafasi Jumamosi zitakuwa zimejaa wiki nzima. Walimu wa msingi watakaokuwa wamezizoea kabla ya hapo, pamoja na watoto wao, watakuwa na hoja ya kudai vyumba vyao wenyewe.